Ukali wa Mwanamume Unamwangukia Nani?

Vijiweni utaambiwa kwamba mwanamume anayefoka ndiye dume, na mpole amekaliwa na mkewe. Wapo pia ambao kila mwanamume mwenye msimamo au anayependa kushindana humwita mwonevu. Sikubaliani na kundi lolote kati ya hayo. Tunaoshughulika na saikolojia hatuanzi kwa kupima ukali wa mtu. Tunauliza ukali huo unamwangukia nani.

Dan Olweus, aliyeanza kuchunguza uonevu shuleni huko Skandinavia miaka ya 1970, aliweka vigezo vitatu: kuumiza kwa makusudi, kurudiarudia, na kumwandama asiyeweza kujitetea. Hicho cha tatu ndicho kizito.

Ushahidi ninaoupenda zaidi unatoka Kenya, tena kwa nyani. Mtafiti Robert Sapolsky alikuwa akifuatilia kundi moja la nyani huko Maasai Mara. Katikati ya miaka ya 1980, madume wakorofi waliozoea kwenda kupigania mabaki kwenye jalala la hoteli ya watalii waliambukizwa kifua kikuu kutokana na nyama yenye ugonjwa huo, wakafa. Wakabaki majike na madume wapole. Utafiti aliouchapisha na Lisa Share mwaka 2004 unaonyesha kwamba madume hawakuacha kushindana. Waligombea ukubwa kama kawaida, ila zaidi na wa daraja lao. Kilichopungua ni kuwasumbua wanyonge na majike, na madume wa chini hawakuwa tena na dalili za msongo zinazoonekana katika makundi mengine. Kufikia 1993 hakuna dume wa zamani aliyekuwa amebaki. Wageni waliohamia kutoka kwingine walikuwa wameshika desturi waliyoikuta.

Binadamu si nyani, najua. Lakini mtazame fundi wa gereji aliyetukanwa na mwenye gari, akanywea, kisha akamgeukia dogo anayemshikia spana na kumzaba kofi. Angejibizana na mwenye gari, hata kwa sauti ya juu, tungesema anatetea heshima yake. Alichofanya ni kumtwisha mnyonge fedheha iliyotoka juu, na kofi likizoeleka, huo ni uonevu kamili. Dogo naye anatazama na kujifunza ufundi wote, pamoja na huo.

Ndiyo maana nawaomba wenye gereji, makocha na walimu: mkimwona mkubwa anamwonea mdogo, msimwite pembeni. Mkanyeni palepale, vijana wakisikia.