Mbinja Kati ya Michai

Mwalimu anayesema kwamba mwanafunzi hajui muziki kwa kuwa tu hasomi nota, na ayasikilize kwanza mashamba ya chai ya Kericho na Bomet alfajiri. Katika vichaka vilivyopakana na michai huimba kurumbiza, ndege asiyetosheka na sauti yake mwenyewe. Huziiga za ndege wengine, akazichanganya, akazifanya zake. Nani alimwandikia?

Nayasema haya kwa aibu kidogo. Nilipokuwa nikifundisha filimbi katika shule moja ya huko, nilichagua ngoma ya Ayalandi iitwayo The Lark in the Morning, yaani kipozamataza wa asubuhi. Ni ngoma ya kuchezwa kwa miguu myepesi: mapigo sita yaendayo matatu-matatu, na sehemu nne, kila moja ikirudiwa. Nikaandika nota ubaoni. Mvulana mmoja hakuweza kuzisoma, nami nikamwondoa kikundini.

Juma lililofuata nilimsikia njiani, kati ya michai, akiipiga ngoma ile kwa mbinja. Sehemu zote nne! Tena alikuwa na madoido na mruko ambao wasomaji wangu wa nota hawakuwa nao; wao walihesabu, yeye alicheza. Nilipomwuliza aliipata wapi, alijibu kwa adabu: "Nilikuwa nje ya dirisha, mwalimu."

Sikupaswa kushangaa. Mwaka 1950 Hugh Tracey alirekodi nyimbo za Wakipsigis huko Kapkatet, na wasichana wakamwimbia habari za Chemirocha, kiumbe nusu mtu, nusu paa. Jina hilo lilitokana na Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyefariki mwaka 1933, ambaye sauti yake ilikuwa imefika huko kwa santuri. Walisikia, wakatunga chao. Hata wapigaji wa Ayalandi wamerithishana ngoma nyingi kwa sikio, mkubwa akipiga na mdogo akifuata.

Sisemi nota zitupwe, zimenifaa mno. Lakini asubuhi iliyofuata nilifuta ubao, nikamwita kijana yule mbele, nikamwomba atangulie nasi tumfuate. Wenzake waliishika ngoma upesi. Sehemu ya tatu ndiyo iliyochukua siku mbili zaidi, na aliyekuwa akiwachelewesha ni mimi.