Mtambue Kipepeo kwa Chakula cha Kiwavi Wake

Mkulima wa Kakonko, mkoani Kigoma, akiona jani la hindi limekunjwa na kufungwa kwa nyuzi laini, hofu ya kwanza ni viwavijeshi. Lakini huenda aliyejificha humo ni kiwavi wa kijani mwenye kichwa kikubwa na shingo nyembamba, mtoto wa kipepeo mdogo wa kahawia aitwaye kitaalamu Pelopidas mathias. Hula mahindi, mpunga na nyasi za porini, na kwa kawaida hasara yake ni ndogo.

Familia yake, Hesperiidae, ina aina karibu 4,000 duniani. Wana miili minene, wanaruka kwa kasi ya kushtukiza, na mapapasi yao yamepinda nchani kama ndoana. Zamani wataalamu waliwatenga na vipepeo wengine. Uchunguzi wa vinasaba umewarudisha miongoni mwao.

Kazi ngumu ni kuwatofautisha wenyewe kwa wenyewe, maana wengi ni wa kahawia tupu. Hapo viwavi husaidia. Karibu wote hujijengea nyumba ya majani, na wengi hurusha kinyesi mbali nayo. Utafiti wa Martha Weiss nchini Marekani, uliochapishwa 2003, ulionyesha sababu: harufu ya kinyesi huwavuta nyigu wanaowawinda.

Hizo ni tabia zilizoenea katika familia nzima. Koo zake hutengana kwenye chakula. Kiwavi wa Coeliades forestan, mwenye mistari ya rangi kali, hula mimea ya majani mapana, ikiwemo milama. Wa Tagiades flesus hula viazi vikuu vya mwituni, na akishakuwa kipepeo hutua chini ya jani akiwa ametandaza mabawa. Ukoo wa Hesperiinae, alimo Pelopidas, umeegemea zaidi nyasi, mianzi na jamii ya minazi na mikindu.

Hata hivyo, chakula peke yake hakitoshi. Mtafiti Matthew Cock, aliyeanza mwaka 2010 kuchapisha mfululizo kuhusu maisha ya vipepeo hawa, hasa wa Kenya, ameeleza Hesperiinae wa Afrika wanaokula masale, na wengine wanaokula mimea ya majani mapana. Ndiyo maana watafiti huoanisha mmea, umbo la kiwavi, pupa na mabawa kabla ya kuamua nani ndugu wa nani.

Kwa hiyo anayepiga picha ya kipepeo wa familia hii huko Kibondo au Kasulu ameleta nusu ya taarifa. Nusu nyingine ni kumlea kiwavi hadi atoke na mabawa, na kuandika jina la mmea aliokuwa akiula.