Ugoro Uliokaa Hauchomi

Katika nyumba ya bibi yangu, milimani Upare Kusini, palikuwa na kopo la bati ambalo sisi watoto hatukuruhusiwa kuligusa. Lilikaa darini, juu ya meko, likiwa limefungwa kwa ganda kavu la mgomba. Majani ya tumbaku yalitundikwa huko huko darini hadi yakawa ya kahawia, yakatwangwa, yakachanganywa na magadi na maji kidogo, kisha yakashindiliwa koponi. Bibi hakuyatumia mwaka ule. Alianza na kopo la mwaka uliotangulia, na kauli yake ilikuwa ile ile siku zote: ugoro uliokaa hauchomi.

Nimeikumbuka kauli hiyo mara nyingi tangu nilipoanza kutibu magonjwa ya kinywa. Imejengwa juu ya jambo la kweli, na ndiyo maana ni vigumu kuibishia.

Wako watu katika miji mikubwa ya dunia ambao wangeelewana na bibi bila mkalimani. Hao hukusanya sigara nene zilizoviringishwa kwa majani matupu ya tumbaku, ambazo hapa nitaziita siga. Hawazivuti mara wanunuapo. Huziweka katika visanduku vilivyotengenezwa kwa mbao za mti uitwao Cedrela odorata, mti ambao asili yake ni Amerika lakini hata kwetu Tanzania umepandwa, na katika msitu wa Kimboza, Morogoro, umekuwa kero kwa miti ya asili. Ndani ya kisanduku huwekwa kipimo cha unyevu. Hewa yake hutakiwa iwe na unyevu wa asilimia 65 hadi 72, na joto la nyuzi 18 hadi 21 hivi. Joto likizidi, mayai ya mdudu wa tumbaku, Lasioderma serricorne, huanguliwa na siga hutobolewa matundu madogo kama ya sindano. Unyevu ukizidi, ukungu hutanda. Ukipungua, jani hukauka na kupasuka. Mwenye sanduku hungoja miaka mitano, kumi, hata ishirini, akiandika tarehe na kulinganisha ladha.

Bibi hakuwa na kipimo, lakini alijua mambo hayo yote. Alijua kwamba ugoro ukipelekwa Same mjini, kwenye tambarare kavu iliyo nyuma ya milima, hugeuka vumbi katika majuma machache. Na kwamba ukiachwa wazi huko juu, karibu na ukungu wa Shengena, huota uvundo. Ganda la mgomba na moshi wa meko vilikuwa ndiyo kisanduku chake.

Ustadi huu si mgeni katika safu hii ya milima. Richard Burton, aliyefika Usambara mwaka 1857, aliandika kwamba tumbaku ya huko ilitwangwa kinuni, ikafinyangwa kuwa vidonge bapa vya mviringo, ikafungwa kwa majani ya mgomba na kupelekwa kuuzwa Unguja. Tumbaku iliyosafiri hivyo ilipaswa kutunzwa na watu waliojua kutunza.

Sasa, ni nini hasa kinachotokea ndani ya kopo? Jani bichi lililokaushwa lina amonia, na amonia ndiyo inayochoma pua na koo. Tumbaku inapochachuka na kukaa, amonia huondoka taratibu. Sehemu ya nikotini nayo hupungua, na harufu kali hulainika. Mtumiaji asemapo kwamba tumbaku ya zamani ni tamu kuliko mpya, hadanganyi.

Lakini katika unyevu ule ule na joto lile lile, bakteria huibadili naitreti iliyomo katika jani kuwa naitraiti, nayo naitraiti huungana na nikotini na jamaa zake kufanya kemikali ziitwazo nitrosamini za tumbaku. Hazina harufu wala hazichomi, na mtu hawezi kuzitambua kwa ulimi. Mwaka 2004 jopo la wataalamu wa Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, lilihitimisha kwamba tumbaku isiyovutwa kwa moshi husababisha saratani kwa binadamu, na nitrosamini mbili kati ya hizo ziliwekwa katika kundi la juu kabisa la visababishi. Saratani ya kinywa ndiyo ya kwanza kutajwa. Za umio na kongosho zimo pia.

Mfano ulio karibu zaidi na kopo la bibi unatoka Sudan. Huko hutumiwa tumbaku iitwayo toombak. Majani hukaushwa, hunyunyiziwa maji, hufungwa na kuachwa yachachuke katika joto, kisha husagwa na kuachwa yakomae hata mwaka mzima, ndipo yanapochanganywa na magadi. Viwango vya nitrosamini vilivyopimwa katika toombak ni miongoni mwa vya juu kuliko vyote vilivyopata kupimwa katika bidhaa za tumbaku. Nchini Uswidi, watengenezaji wa tumbaku ya kuweka mdomoni walipotaka kupunguza kemikali hizi, walifanya kinyume cha ukomavu: waliipasha tumbaku joto kali ili kuua bakteria, kisha wakaihifadhi kwenye jokofu. Hata hiyo si dawa, na nikotini yake humfunga mtu vile vile.

Magadi nayo yanahitaji neno lake. Kila Mpare anajua yanavyolainisha makande. Katika ugoro yana kazi nyingine: hupunguza uasidi, na nikotini iliyofunguliwa hivyo hupenya ngozi laini ya mdomo na pua kwa haraka. Moshi wa siga nao una tabia hiyo hiyo, ndiyo maana mvutaji hupata nikotini bila kuuvuta hadi mapafuni. Wengi hujifariji kwa hilo. Siga moja kubwa yaweza kuwa na tumbaku sawa na pakiti nzima ya sigara, na yote hayo hupita kinywani. Sigmund Freud, mganga aliyependa siga kupindukia, aligunduliwa saratani ya kinywa mwaka 1923, akafanyiwa upasuaji zaidi ya mara 30 kabla ya kufariki mwaka 1939. Jenerali Ulysses Grant wa Marekani, kwa upande wake, alikuwa mvutaji wa kawaida tu hadi ushindi wake wa mwaka 1862. Magazeti yalipoandika kwamba alikuwa na siga mkononi, wananchi walimletea maelfu kwa maelfu kama zawadi. Alizivuta. Mwaka 1885 alikufa kwa saratani ya koo. Akiba humvuta mwenyewe.

Bibi alipofika miaka sabini na kitu, alianza kulalamika kwamba pilipili inamuuma mdomoni. Nilikuwa likizo, mwanafunzi wa mwaka wa tatu mwenye kujiamini, nikamsindikiza zahanati na kusaidia kujaza fomu yake. Penye swali la sigara niliandika kwamba havuti. Lilikuwa jibu sahihi kwa swali lililoulizwa. Kopo lilikuwa darini, nami nililijua tangu utotoni, lakini mawazoni mwangu tumbaku ilikuwa ni moshi. Tulirudi nyumbani na dawa ya kusukutua.

Yeye mwenyewe hakusema, na sababu yake naielewa. Wamisionari Waadventista walifika Upare mwaka 1903, na hadi leo familia nyingi za milimani, yetu ikiwamo, ni Wasabato. Kanisa hilo halikubali tumbaku. Mama mzee anayeheshimika hawezi kumwambia mhudumu wa umri wa mjukuu wake, tena mbele ya foleni, kwamba ana kopo.

Miezi minane baadaye nilimwomba afunue mdomo wa chini. Mahali pale alipozoea kuweka ugoro palikuwa na bamba jeupe lenye mikunjo, na katikati yake kidonda kisichozidi punje ya harage. Tulikwenda Moshi, KCMC, mwendo wa kilomita 100 hivi kutoka Same. Kipande kilikatwa na kupimwa. Seli zilikuwa zimeanza kubadilika, lakini hazijawa saratani kamili. Bamba liliondolewa lote.

Kwa hiyo, wahudumu wenzangu, msiulize tu kama mtu anavuta sigara. Ulizeni, faraghani na kwa adabu: "Shikamoo bibi. Je, kuna tumbaku ya aina yoyote unayotumia, ya kuvuta, ya kunusa, ya kutafuna au ya kuweka mdomoni?" Kisha vuteni mdomo wa chini, inueni ulimi, tazameni ndani ya mashavu. Bamba jeupe au jekundu lisilofutika, au kidonda kisichopona kwa majuma mawili, apelekwe mbele akapimwe. Mjamzito aulizwe pia, kwa kuwa ugoro huweza kuleta mtoto mwenye uzito mdogo au aliyefia tumboni. Nawe unayetumia, ukiacha, siku za mwanzo ndizo ngumu: hasira, usingizi kukatika, hamu. Hupungua katika majuma machache, na ni rahisi zaidi iwapo hakuna akiba darini.

Hilo la akiba ndilo lililomshinda bibi kwa muda mrefu. Kuacha aliacha, lakini kumwaga kopo la miaka mitatu, lililotunzwa vizuri vile, alisema ni kama kumwaga mbegu. Siku moja alilimwaga mwenyewe shimoni nyuma ya zizi, bila kumwita mtu. Kopo alilisugua kwa majivu mara tatu, na harufu haikutoka yote. Sasa anaweka humo vifungo vya nguo.