Kabla ya kununua projekta, iwashe kwanza

IKIWA familia yako imekuwa ikiweka akiba ili mtazame filamu na kandanda kwenye ukuta wa sebule, soma haya kabla ya kufunga safari hadi Barabara ya Luthuli, Nairobi.

Projekta za bei nafuu zimejaa madukani, na baadhi zitakufaa. Lakini wengi hupoteza pesa kwa kuamini maandishi ya kwenye katoni.

Chukua mwangaza, ambao hupimwa kwa lumeni. Katoni yaweza kudai lumeni 9,000 ilhali mtambo wenyewe haufikii hata 1,000. Wewe uliza lumeni za ANSI. Hizi hupatikana kwa kupima mwanga katika sehemu tisa za picha, kisha kutafuta wastani. Chumba kikiwa na giza na picha ikiwa na upana wa mita 2, lumeni 300 hadi 500 za ANSI zatosha. Je, mnapenda kutazama mchana, madirisha wazi? Basi afadhali runinga.

Ujanja wa pili ni wa nukta. Ukiambiwa projekta "inakubali 1080p", maana yake ni kuwa yaweza kupokea picha ya kiwango hicho, si kwamba itaionyesha hivyo. Uliza nukta zake halisi. Zikiwa 1,920 kwa 1,080, picha ni safi. 1,280 kwa 720 inavumilika.

Dawa ni moja: mwambie mwenye duka aiwashe mbele yako. Beba filamu yako kwenye flashi. Tazama maandishi ya pembeni. Yakiwa na ukungu ilhali ya katikati ni safi, lenzi ni duni. Sikiliza pia kelele ya feni. Kisha dai risiti.

Nyumbani, pima umbali. Projekta nyingi za aina hii huhitaji mita 1.2 hadi 1.5 kwa kila mita moja ya upana wa picha. Kwa hivyo, nafasi ya mita 3 yatosha picha ya mita 2. Usiwe na tamaa: ukiongeza upana mara mbili, mwanga uleule hutandazwa kwenye eneo kubwa mara nne, na picha hufifia.

Ielekeze ukutani sawasawa. Ukiiinamisha, picha hupanuka upande mmoja, na kuinyoosha kwa kitufe hupunguza nukta. Ukuta mweupe usiong'aa unafaa. La sivyo, tandaza shuka jeupe lililopigwa pasi. Usiifunike projekta kwa kitambaa cha kufuma, maana itashindwa kupumua. Watoto nao wasichungulie lenzi.

Spika yake huwa dhaifu, hivyo iunganishe na redio yenu kwa waya.

Na zikibaki shilingi chache, usizitumie kusaka lumeni zaidi. Nunua pazia zito. Vyote ving'aavyo si dhahabu, na projekta ya bei nafuu hung'aa tu palipo na giza.