Malori Yapita, Gunia Labaki: Mbololo na Gharama ya Kujua

Ukiwa kwenye miteremko ya Mbololo, karibu na mji wa Voi, na kutazama chini kuelekea mbuga ya Tsavo Mashariki, uti wa mgongo wa biashara ya Kenya uko mbele yako: barabara ya Mombasa–Nairobi, reli ya zamani iliyofika Voi mwishoni mwa karne ya 19, na reli ya kisasa ya SGR iliyozinduliwa Mei 31, 2017. Shehena za Uganda, Rwanda na Kongo hupita hapo usiku na mchana. Mgeni angedhani mkulima wa hapa hana shida ya soko. Anayo, na kubwa. Anaweza kuuza gunia la ndengu kwa bei ya kutupa huku ngurumo za matrela zikimfikia shambani.

Kila zao hulipiwa gharama mbili kabla ya kumfikia mlaji. Ya kwanza ni ya kulibeba. Ya pili ni ya kujua: nani analitaka, wapi, kwa bei gani, na kama kweli atalipa. Barabara hupunguza ile ya kwanza, mawasiliano hupunguza ya pili. Ikishuka moja tu, faida humwendea anayeishikilia nyingine, na vijijini kwetu huyo kwa kawaida ni broka.

Hata njia yenyewe hainufaishi kila mahali inapopita. Hunufaisha pale mzigo unaposimama. Voi ulikua mji kwa sababu treni za mvuke zilihitaji kusimama, na tangu 1915, Waingereza walipoanza kujenga tawi la reli kuelekea Taveta kwa ajili ya vita dhidi ya Wajerumani, ukawa pia njia panda. Wanauchumi Jedwab, Kerby na Moradi, waliochunguza reli ya kikoloni ya Kenya, walionyesha kwamba miji iliyozaliwa kando ya reli iliendelea kuwa mikubwa hata baada ya reli hiyo kudhoofika. Watu walishajenga, maduka yalishafunguliwa, na wengine wakawafuata.

Somo hilo lilirudi kwa uchungu baada ya 2018, serikali ilipoanza kuamuru makontena yapande SGR ili reli ipate mapato ya kulipa deni la China. Dereva wa trela hula, hulala, huziba pancha na hununua vocha. Kontena lililo juu ya behewa halinunui hata chai. Miji ya kando ya barabara, kuanzia Mariakani hadi Mtito Andei, iliumia, na nguvu ya amri hiyo ilivunjwa Septemba 2022 tu, Rais Ruto aliporudisha shughuli za kutoa mizigo Mombasa. Sipingi reli. Abiria wa Voi ana kituo na anakitumia. Ninachosema ni kwamba kasi ya shehena inayopita haigeuki yenyewe kuwa kipato cha anayepitwa.

Kwa maoni yangu, mambo matatu yasiyo na fahari ya SGR yaliigusa Mbololo zaidi, nayo yalifuatana mwaka baada ya mwaka. Machi 2007 ilikuja M-Pesa, huduma ya kutuma pesa kwa simu. Mwaka 2008 serikali iliondoa VAT kwa pikipiki ndogo, na bodaboda zikapanda hadi vijiji ambavyo matatu haikuona faida ya kufika. Mwaka 2009 nyaya za intaneti za chini ya bahari zilitua Mombasa, na gharama ya data ikaanza kushuka.

Tazama jinsi yanavyofanya kazi pamoja. Mama mwenye magunia mawili ya ndengu karibu na Tausa anampigia binamu yake aliye sokoni Voi kuuliza bei ya siku hiyo, kisha anampigia mnunuzi wa Mombasa. Bodaboda inateremsha magunia hadi stejini, moja moja, yamefungwa kwa mpira wa tairi. Utingo wa matatu anayapakia, na namba yake ya simu inatumwa kwa mnunuzi. Pesa zinaingia kwenye simu ya mama kabla gari halijafika Maungu. Hakuna kampuni iliyobuni mpango huu. Watu waliuunganisha wenyewe.

Nguvu ya kujua bei imepimwa. Robert Jensen aliwafuatilia wavuvi wa dagaa wa Kerala, India, simu zilipoingia kati ya 1997 na 2001: faida yao ilipanda kwa takriban asilimia 8, bei kwa mlaji ikashuka kwa asilimia 4, na samaki wa kutupwa wakakaribia kwisha. Hapa Kenya, Suri na Jack walikadiria mwaka 2016 kwamba M-Pesa ilizitoa kaya 194,000 kwenye umaskini.

Lakini mvuvi wa Kerala alikuwa na mashua yake, akaweza kuipeleka penye bei nzuri. Mkulima wa Mbololo anaijua bei ya Mombasa na bado anashindwa kuifuata mvua inapoharibu barabara ya udongo na bodaboda kupandisha nauli. Zaidi ya hapo, ndengu huvunwa na wote kwa wakati mmoja, na karo haingoji. Broka anajua hivyo, naye hungoja.

Ndiyo maana ninaona kaunti ingefanya vyema kutazama zile kilomita chache kati ya shamba na lami, na pia ghala. Sheria ya stakabadhi za ghala ipo tangu 2019: mkulima huweka zao lake, hupewa stakabadhi, na anaweza kuiweka dhamana akakopa. Ghala lenye mizani ya haki na sakafu kavu pale Tausa au Ndi lingempa yule mama pesa ya karo mwezi wa mavuno, na nafasi ya kuuza bei itakapopanda.