Katalizeri ya motokari: dalili za ugonjwa wake

Katika namba hii tunataka kuzungumza juu ya kipande kimoja cha motokari kinachoitwa katalizeri. Motokari nyingi za esanse zinazofika kwetu zimekwisha kutumika Japani, kisha zinapita bandari ya Mombasa ao Dar es Salaam. Zinafika na katalizeri iliyokwisha kufanya kazi miaka mingi. Halafu tunasikia watu wanasema: "Ile kitu haina kazi, fundi aikate tu." Je, ni kweli?

I. KAZI YAKE

Katalizeri iko chini ya motokari, kwenye tiyo ya moshi, mbele ya kile chombo cha kupunguza makelele. Ndani yake mara nyingi mna keramike yenye matundu madogo mengi, kama sega la nyuki. Kuta za matundu zimepakwa madini ya bei kali: platini, paladi na rodi.

Moshi wa motere una sumu tatu: monoksidi ya kaboni, esanse isiyoungua, na oksidi za azoti. Katalizeri ikipata moto, kama degre 300 na kupita, sumu hizo zinageuka gazi ya kaboniki, maji na azoti. Ni kama tulivyojifunza katika shimi: katalizeri inaharakisha kazi, lakini yenyewe hailiwi.

II. DALILI

1. Nguvu inapunguka. Kwenye njia ya sawasawa motokari inaenda, lakini kwenye mlima, na mzigo, inachoka. Shofere anakanyaga, motere inalia, mbio haiongezeki. Sababu yake, sega limeziba: moshi ukikosa njia ya kutoka, hewa mpya haipati nafasi ya kuingia. Ikiziba kabisa, motere inawaka kidogo kisha inazimika.

2. Kelele chini, kama mawe ndani ya kopo. Sega limevunjika.

3. Harufu ya yai bovu. Inatoka kwa kiberiti kilicho ndani ya esanse. Lakini harufu peke yake haitoshi: batri inayochajiwa kupita kiasi inanuka vile vile.

4. Joto kali. Usiku unaweza kuona katalizeri imekuwa nyekundu. Usisimamishe motokari hiyo juu ya majani makavu!

5. Taa ya manjano ya motere kwenye tablo. Sonda moja ya oksijeni inapima moshi mbele ya katalizeri, nyingine nyuma. Zikisema neno moja, ni kusema katalizeri haibadilishi kitu, na mashine ya kusoma itaonyesha P0420. Lakini sonda mbovu ao tundu kwenye tiyo vinaweza kuleta namba ile ile.

III. NANI ALIYEIUA?

Hapa ndipo wengi wanapoteza feza. Mara nyingi katalizeri haifi yenyewe, inauawa. Bugi ikiwa mbaya, esanse isiyoungua inakwenda kuungulia ndani ya katalizeri, na sega linayeyuka. Motere ikikula mafuta (moshi wa buluu), majivu ya mafuta yanafunika yale madini. Na jiwe la njia mbaya linaweza kuipiga na kuivunja.

Kwa hiyo, ukiweka katalizeri mpya na bugi ikabaki mbaya, hata ile mpya itakufa.

IV. JE, TUIKATE?

Tuseme ukweli: kama imeziba, ukiikata nguvu inarudi. Lakini ugonjwa ulioiua ungali ndani ya motere. Na sumu zote sasa zinatoka nje, kando ya njia, pale wamama wanapouzisha na watoto wanapopita kwenda masomo. Monoksidi ya kaboni haina rangi wala harufu; inashika nafasi ya oksijeni ndani ya damu. Ndiyo maana hata motokari nzima haifai kuwashwa ndani ya garaje iliyofungwa.

Tena kuna jambo lingine. Yale madini yana wanunuzi, hata katalizeri ikiwa imekufa. Fundi akisema, "Nitaikata bure," umwulize nani atabaki nayo. Ile kitu ni ya mwenye motokari.

V. KWA UFUPI

Ukiona dalili, fuata mpango huu: kwanza bugi na moshi wa mafuta, pili matundu ya tiyo, tatu sonda. Katalizeri yenyewe iwe ya mwisho.

Kati yetu kuna ambao baba zao ao wakubwa wao ni washofere wa taksi. Mwanafunzi wa namna hiyo apeleke karatasi hii nyumbani, aisome pamoja nao kwa heshima, mbele hawajatoa feza kwa fundi.