Uzi Ukikatika, Tazama Koni Kwanza

Katika viwanda vya nguo kosa la uzi kukatika hutupiwa yule aliyekaa kwenye cherehani. Mnyapara hupita, akaona vipande ni vichache, akaandika jina. Anayelipwa kwa kipande hupoteza mara mbili: muda wa kutunga uzi upya, na makato mwisho wa mwezi. Lakini mara nyingi uzi umeharibikia huko nyuma ulikowekwa, kabla haujafika kwenye sindano.

Uzi huzungushwa kwa namna mbili. Upo uliopangwa mstari kwa mstari, kama ule wa vigurudumu vidogo vya dukani. Huu hutokea ubavuni, na kigurudumu chenyewe lazima kizunguke. Mahali pake ni msumari uliosimama wima. Ukiutoa kwa juu, kila mzunguko unaongeza msokoto mmoja, na uzi hujiviringa ukafunga vifundo. Upo pia uliopishanishwa, ndio wa koni za kiwandani. Huu hutoka kwa juu, na koni haitakiwi kuzunguka hata kidogo. Ukivutwa ubavuni, koni nzito huja kwa kushtukashtuka, uzi mara unakaza, mara unalegea, nguo inajikunja kwenye mshono. Hapo wengi hukimbilia kugeuza skrubu ya kukazia uzi, wakaharibu na kile kilichokuwa kizima.

Sasa tazama stendi. Jicho linalopokea uzi liwe juu ya katikati ya koni sawasawa, si pembeni. Kimo chake kiwe kama mara mbili na nusu ya kimo cha koni: koni ya sentimita 16, jicho liwe sentimita 40 kutoka pale koni ilipokaa. Ovaloki yenye nyuzi tatu inataka kila koni iwe na jicho lake. Uzi wa poliesta huteleza, mizunguko ikaporomoka na kunasa chini. Ivike koni wavu mwembamba.

Wenzetu wa mashambani mnaoshona midomo ya magunia kwa mashine ya mkono, jambo hili ni lenu pia. Mashine nyingi za namna hiyo hushona mnyororo wa uzi mmoja, bila uzi wa chini. Uzi ukikatika, mdomo wote waweza kufumuka gunia likiwa juu ya lori, na mpakizi ndiye atakayeulizwa.

Stendi iliyopinda ni mali ya mwajiri, na kuitengeneza ni kazi yake. Kifungu cha 8 cha Mkataba namba 95 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1949, kinasema mshahara hukatwa kwa masharti na kiasi kilichowekwa na sheria za nchi, mkataba wa pamoja au uamuzi wa usuluhishi. Hasira za mnyapara hazimo. Kwa hiyo ukiona stendi mbovu, mwambie mjumbe wa tawi siku hiyo hiyo, naye aandike namba ya mashine, tarehe, na jina la msimamizi aliyepewa taarifa.